Mwani wa Ghuba ya Kusini

Moto uliteketeza banda la mashua la mzee Taisto Vehkaperä mpaka kwenye mawe ya msingi, na kijiji kizima cha Kuorejärvi kikalala usingizi mnono. Hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Aune Hyrkäs kabla hata hajayafikia majivu. Alikuwa amesimama dukani akisubiri kahawa, na mbele yake mama mmoja mwenye kikapu alikuwa akimwambia muuzaji, bila hata kupunguza sauti, kwamba mtu anayewalisha sumu watoto wa wenzake asishangae moto ukimtembelea. Muuzaji aliitikia kwa kichwa. Ndani ya kikapu cha yule mama mlikuwa na maziwa na siagi, na huenda vyote vilianzia katika zizi la Taisto huyohuyo.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Katika joto kali la Julai, ukoga wa kijani, mwani wenye sumu, ulitanda juu ya ghuba ya kusini kama rangi iliyomwagika. Mbwa wa Jouko Lippo, dereva wa lori la magogo, alikunywa maji hapo, akafa jioni ileile huku akitetemeka. Kabla watu hawajajua kilichomuua, bintiye Jouko, Vilja, mwenye miaka sita, alikuwa ameshaoga katika maji hayohayo na kuyameza. Sasa alikuwa amelazwa katika hospitali ya Kuopio, ini limevimba, na madaktari hawakuwa na la kusema zaidi ya kwamba wanasubiri.

Chama cha Kulinda Ziwa kikakutana. Mwenyekiti wake, Daktari Orvokki Salmenkivi, aliyestaafu udaktari wa meno, alisimama akasema kwamba kila mtu anajua ni nani anayemwaga samadi karibu na ziwa hili. Hakutaja jina, wala hakuhitaji kulitaja. Usiku uliofuata, banda likawaka.

Taisto hakuusogelea uchunguzi. Alisimama mbali, mikono mifukoni, akiutazama ubavu wa mashua uliobaki kama mbavu za mnyama. Aune alimwendea akamuuliza kama kuna mtu anayemchukia.

“Nikuhesabie wasionichukia, afande,” alisema mzee. “Tutamaliza mapema.”

Mkubwa wake Aune, kule kituoni, alikuwa na mawazo mawili, na yote mawili Aune aliyamaliza kabla ya saa ya chakula. La kwanza, kwamba mzee kajichomea mwenyewe ili alipwe na bima. Banda halikuwa na bima. La pili, kwamba ni vijana waliopiga hema ng'ambo ya ziwa. Aune alikwenda akawakuta wakikaanga soseji. Walikuwa wamekuja kwa baiskeli, mtumbwi wao ulikuwa wa kupiga makasia, na katika kambi yao yote hapakuwa na tone la petroli. Na aliyechoma banda alitumia petroli. Harufu yake ilikuwa bado ipo, nzito, imechanganyika na oili, namna inavyochanganywa kwa injini za boti za zamani.

Harufu hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye mlango. Ulikuwa mlango wa bati, na moto ulipokolea, mlango huo uliangukia ndani, ukafunika kipande cha sakafu. Aune aliuinua kwa msaada wa konstebo. Chini yake palikuwa na pembe ya zulia la matambara, yale wanayofuma akina mama kwa nguo kuukuu zilizochanwa vipande. Limeungua robo tatu, lakini pembe ile ilikuwa nzima, imelowa petroli. Ilikuwa na mistari ya buluu na kahawia, na katikati yake utepe mmoja wenye maua madogo ya rangi ya chungwa, kama uliokatwa katika pazia la jikoni.

Alimwonyesha Taisto. Mzee alisema si la kwake, kisha akamkumbusha kwamba hakuna nyumba ya huku isiyokuwa na zulia la matambara. Ilikuwa kweli. Aune alikitia kipande kile kwenye mfuko, akakaa juu ya jiwe la msingi, akafikiri.

Waliomchukia Taisto walikuwa wengi mno. Basi njia fupi ilikuwa kuuliza swali ambalo kijiji hakikuwahi kuliuliza: je, ni kweli ni yeye? Maana kama si yeye, kuna mtu alijua kwamba si yeye, na mtu huyo alikaa kimya huku mwenzake akichomewa mali.

Kwa hiyo mchana alimpigia simu Hilkka Niiranen, afisa wa maji wa halmashauri, ambaye alikuwa akichota sampuli za maji tangu mbwa alipokufa. Walikutana kwenye daraja la upande wa kaskazini. Hilkka alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na siku hiyo alionekana kama mtu aliyemeza kitu kichungu.

Alimwonyesha mkondo. Mto mdogo unaingia ziwani kwa upande wa kusini, unapita katikati, unatokea hapa kaskazini, chini ya mashamba ya Taisto. Alichukua kijiti akakitupa majini, na wote wawili wakakitazama kikienda zake, kikiiacha ghuba nyuma.

“Maji hayarudi nyuma kwa sababu chama kimepiga kura,” alisema Hilkka.

Aune alimuuliza kuhusu upepo, kwa kuwa mkutanoni watu walisema ndio ulioleta uchafu ghubani. Hilkka akajibu kwamba wiki ile upepo ulitoka kusini. Kama ukoga ungekuwa wa kuletwa, ungeletwa kwa Taisto, si kutoka kwake. Hakumsafisha mzee moja kwa moja. Shamba lake nalo lina mchango, alisema, hasa theluji inapoyeyuka, na ameshaambiwa aongeze ukanda wa matete kando ya mtaro. Lakini mchango huo unashuka na mto. Ghuba ya kusini imetulia kama bakuli. Inachougua kinapikwa humohumo.

“Kinapikwa na nini?”

“Na sisi. Choo, jiko, kufua, kuoga. Fosforasi ileile inayonenepesha ngano shambani ndiyo inayonenepesha mwani.” Akautazama tena ule mkondo. “Na majibu ya maabara yamekuja asubuhi. Kuna vijidudu vya utumbo humo majini. Si vya ng'ombe, Aune. Ni vya watu.”

Aune alitazama kusini, kuelekea ghubani. Alifikiria watu waliojaa kwenye ule mkutano, wenye nyumba za majira ya joto zilizopakwa rangi nyekundu, wakinyoosha vidole kaskazini.

Kwenye ghuba kulikuwa na nyumba tatu tu. Moja ilikuwa imefungwa tangu mwenyewe, bibi mjane, alipohamia kwenye makao ya wazee mwaka jana. Zilibaki mbili: ya Jouko Lippo, na ya jirani yake, Daktari Orvokki Salmenkivi. Hilkka alikuwa na chupa mbili za rangi zisizo na madhara, nyekundu na kijani. Unamimina chooni, unafungulia maji, kisha unakwenda ziwani kungoja. Kama mfumo wa nyumba ni mzima, huoni kitu.

Walianza kwa Jouko. Alikuwa amerudi kutoka Kuopio kuchukua nguo safi za mtoto; mkewe alibaki hospitalini. Alikuwa na ndevu za siku kadhaa, na macho mekundu ya mtu anayelala kwenye kiti. Aune alimpa pole kwanza, akamuuliza hali ya Vilja. Jouko alisema jana amekula uji vijiko vichache, na amemuuliza mbwa yuko wapi. Hakujua amjibu nini. Walipomweleza habari ya rangi, aliwafungulia mlango wa choo bila kuuliza swali.

Hilkka akamimina nyekundu. Aune alitoka nje, akateremka mpaka gatini.

Hapo, kwenye ubao wa kuanikia, palikuwa na mazulia matatu ya matambara, yamekauka kwa jua mpaka yamekuwa magumu kama mbao. Mtu aliyafua kabla ya balaa, kisha akayasahau. Yalikuwa na mistari ya buluu na kahawia. Na katika kila moja, utepe wenye maua madogo ya rangi ya chungwa.

Jouko alikuja akasimama nyuma yake. Aune hakugeuka. Aliuliza, kama mtu anayesifia, nani aliyafuma. Jouko akasema ni marehemu mama yake, alimfumia siku ya harusi, moja la kila chumba. Kila kiangazi waliyafulia hapahapa gatini kwa sabuni ya msonobari, na povu likaenda zake ziwani. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia.

“Vyumba vyenyewe ni vinne,” alisema Aune.

“Vinne.”

“La nne liko wapi?”

Jouko alitazama maji. Akasema lilichakaa, alilitupa.

Aune alikuwa na kipande kile ndani ya gari, na angeweza kukileta palepale. Hakukileta. Alitaka kwanza kujua huyu mtu alichoma banda kwa ajili ya uongo wa nani. Hilkka alitoka ndani, akamwambia Jouko atembee ufukweni na kuangalia kama wekundu utaonekana mahali popote, na kwamba mazulia yafuliwe mbali na maji kuanzia leo. Jouko aliitikia kama mtoto wa shule, akaanza kutembea huku ameinamisha kichwa. Mpaka wanaondoka, hapakuwa na wekundu wowote. Tangi lake la maji machafu lilikuwa zima, na udongo nyuma ya nyumba ulikuwa ukichuja kama inavyotakiwa.

Daktari Orvokki aliwapokea barazani kwa kahawa na mikate ya hiliki, kana kwamba walikuja kumtembelea. Alikuwa na nywele nyeupe zilizokatwa vizuri, na sauti iliyozoea watu wasioweza kujibu kwa kuwa wameachama vinywa. Alimwita Aune mwanangu. Alisema amefurahi polisi hatimaye wamelichukulia ziwa kwa uzito, na akauliza lini Taisto atafikishwa mahakamani.

“Kwa kosa la kuunguliwa?” aliuliza Aune.

Daktari alitabasamu kwa subira. Hilkka alipotoa chupa ya kijani, tabasamu lilipungua. Alisema jambo hilo halina haja. Tangi lake lilikaguliwa wakati wa uhai wa mumewe. Hilkka akamuuliza mumewe alifariki lini. Ikawa ni zamani sana. Aune alisema kwa upole kwamba jirani yake amekubali, na kwamba itashangaza watu kama mwenyekiti wa Chama cha Kulinda Ziwa ndiye atakayekataa. Daktari alikaa kidogo akipangusa makombo mezani, makombo ambayo hayakuwapo. Kisha akasema waendelee, yeye hana cha kuficha.

Hilkka alimimina rangi, akaacha bomba la bafuni wazi. Wakateremka wote watatu mpaka gatini.

Gati la daktari lilikuwa zuri kuliko yote ghubani, pana, lenye ngazi ya kuteremkia majini na benchi jeupe. Sauna, kibanda cha kuogea mvuke, ilikuwa kando, na kutoka mlangoni mwake njia ya mbao ilikuja moja kwa moja mpaka kwenye ngazi. Ukoga ulikuwa umejikunja huko chini, mzito kama supu ya njegere, na ulinuka. Daktari aliendelea kuzungumza. Alisimulia jinsi chama kilivyopanda samaki wachanga, jinsi kinavyookota taka kila mwaka baada ya barafu kuyeyuka.

Hakuimaliza hadithi ya taka. Chini ya gati, katikati ya mawe mawili, maji yalianza kung'aa. Rangi ya kijani kali isiyo ya kitu chochote chenye uhai ilichomoza kama moshi, ikajisokota kuzunguka nguzo, ikasambaa chini ya ngazi ya kuteremkia.

Hilkka alilala kifudifudi juu ya mbao, akatia mkono majini. Alipapasa, akasema kuna bomba. La udongo, la zamani. Tangi la huko juu limejaa mpaka juu, alieleza, halizuii tena kitu. Kinachoingia chooni, jikoni na saunani kinapita tu na kuja hapa.

Aune alimgeukia daktari. Alimuuliza swali moja tu: je, wakati anasimama mkutanoni, alijua kwamba bomba hili lipo?

“Kila nyumba ilikuwa nalo enzi hizo, mwanangu. Mume wangu aliliweka.”

“Sikuuliza nani aliliweka.”

“Nilijua kuna bomba,” alisema daktari. “Sikujua kwamba bomba la mwanamke mmoja, anayeishi peke yake, linaweza kufanya haya. Mtu mmoja ananawa mikono, anaosha vikombe viwili. Yule ana ng'ombe zizi zima.”

“Na ukawaambia ni yeye.”

“Sikumtaja mtu.”

“Mimi nilisikia jina,” ilisema sauti nyuma yao.

Jouko alikuwa ametokea kati ya miti. Alikuwa ameufuata ufukwe akitafuta wekundu wake, kama alivyoagizwa, na akakuta kijani cha mwenzake. Alikuja polepole mpaka kwenye ncha ya gati, akatazama chini. Alitazama kwa muda mrefu mpaka Aune akasogea karibu naye, akiogopa asije akajitupa.

“Vilja aliogea hapa,” alisema Jouko. Hakuwa akimwambia Aune. “Alikuwa hataki kuoga kwetu, kuna tope. Ukamwambia aje kwako. Ulimwambia, Daktari, njoo kwangu mwanangu, kwangu maji ni masafi. Alikaa hapa kwenye ngazi akipiga miguu. Hapahapa.”

Daktari alirudi nyuma hatua moja, mpaka kwenye benchi jeupe.

“Nilikuja kukulilia siku ile mbwa alipokufa. Ukanishika mkono. Ukaniambia nitazame kaskazini.”

Kisha Jouko alimgeukia Aune, akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayempa mwenziwe mzigo. “Lile zulia la nne ni langu, afande. Nililiroweka kwenye petroli ya injini. Nilijua umeshaliona.”

Aune aliishusha mikono ile taratibu. Alimwambia hana haja ya pingu, na kwamba maneno hayo atayarudia kituoni akiwa na wakili. Alikuwa amemaliza kazi aliyotumwa. Banda limechomwa, mchomaji amepatikana, amekiri kwa hiari mbele ya mashahidi. Mkubwa wake angempongeza. Na hapo ndipo hasira yote ya siku ile ilipompanda, kwa kuwa alijua kitakachofuata, kwa pande zote mbili. Jouko atashtakiwa, na ni haki, kwa sababu mzee wa watu amepoteza mashua alizorithi kwa baba yake, na angeweza kupoteza uhai. Lakini mama huyu? Alimuuliza Hilkka kwa sauti ya chini. Hilkka akajibu bila kumtazama kwamba halmashauri itamwandikia atengeneze tangi, na itampa muda. Aune akasema yeye atapeleka jalada la pili kwa mwendesha mashtaka, la kuharibu ziwa na kumdhuru mtoto. Hilkka akasema apeleke. Alisema pia kwamba ameshawahi kupeleka mengine kama hilo, na hakuna aliyewahi kuona mwisho wake.

Jouko aliomba jambo moja. Aliomba wapitie kwanza shambani kwa Taisto, amwambie mzee kwa mdomo wake mwenyewe, asije akasikia dukani. Aune alikubali. Hakujua mzee atamjibu nini, wala kama atamfungulia mlango.

Walikuwa wameanza kuondoka mawe yalipokoroma. Ilikuwa sauti nene, ya koo linalosukutua, na ilitoka chini ya miguu yao. Wote wanne waligeuka. Kutoka kwenye mdomo wa bomba kulimiminika maji ya kijivu, ya vuguvugu, yakisukuma ile rangi ya kijani mbele yake, na juu ya ukoga likachanua povu jeupe lenye harufu ya maua.

Aune alitazama juu, kwenye dirisha la jikoni lililokuwa wazi. Mashine ya kufulia ilisikika ikizunguka.

“Ni vitambaa vya meza,” alisema Daktari Orvokki. “Jumamosi ni karamu ya chama.”

“Nenda ukaizime.”

Daktari alitazama nyumba, akatazama povu, na uso wake ukawa wa mtu anayeombwa jambo lisilo na adabu.

“Imebaki kusuuza tu,” alisema.

Aune alipanda mteremko mwenyewe, akapita barazani, akaingia ndani na viatu vyake vyenye matope ya ufukweni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu yeyote maishani mwake. Aliikuta mashine, akainama nyuma yake, akachomoa waya ukutani. Kisha akatoka kwa njia ileile aliyoingilia, juu ya sakafu ile nyeupe, bila kuharakisha.